Mtambo Uliongoja Jina la Mzee Swichi

Hospitali ile ilikuwa na korido ndefu za sakafu nyekundu, zilizosuguliwa kila alfajiri mpaka mtu akipita aione sura yake chini ya miguu. Wagonjwa waliotibiwa pale waliweza kumsahau daktari aliyewaandikia dawa. Wafanyakazi, kwa upande wao, hawakuweza kumsahau Mzee Swichi, hata baada ya kustaafu na kwenda kukaa nyumbani kwake nyuma ya soko la mbao.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Aliingia pale akiwa kijana mwembamba, fundi umeme wa kuwasha na kuzima jenereta, na kila taa zilipozimika sauti zilisikika wodi kwa wodi, "Swichi! Swichi yuko wapi?" Mvi zilipoanza kumwota wakaongeza "Mzee" mbele ya jina, na hapo ikawa imekwisha. Kompyuta zilipoletwa hospitalini, uongozi ulitazama huku na huku, ukaona kwamba aliyezoea kuishi na nyaya ni yeye peke yake. Akapelekwa kozi, akarudi na kalamu za rangi mbalimbali katika mfuko wa shati, na tangu siku hiyo akawa mtunza kompyuta.

Kompyuta kubwa kuliko zote, ile waliyoiita seva, iliwekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mablanketi, na miaka yote chumba kile hakikuacha kunuka dawa ya nondo. Ndani ya seva ilikaa programu iliyoshika kadi za wagonjwa wote. Karani wa kadi pale mapokezi, akitaka kadi, aliiomba programu hiyo. Daktari naye aliiomba, maabara iliiomba, dirisha la dawa liliiomba. Hata ile mashine ndogo ya mlango mkuu, inayotema vikaratasi vya namba za foleni, ilitema kwa idhini yake. Programu ikiwa macho, mashine ya namba ililia kwaru, kwaru, mchana kutwa. Programu ikilala, hospitali nzima ilipigwa bubu.

Na ililala mara kwa mara, maana umeme ulikuwa na tabia zake. Ukikatika na kurudi, seva ilijiwasha yenyewe. Hilo halikuwa tabu. Tabu ilikuwa kwamba kuwaka kwa kompyuta ni jambo moja, na kuanza kwa programu iliyomo ndani yake ni jambo jingine, kama mtu anavyoweza kufumbua macho asubuhi na bado asiinuke kitandani. Ilibidi mtu aingie katika stoo ile ya zamani, aketi kwenye kiti, aandike amri. Mtu huyo alikuwa Mzee Swichi, na haikupata kutokea akachelewa.

Ndipo Katibu wa hospitali, mtu wa haraka asiyependa kuona foleni, alipomwomba aifundishe seva kuianzisha programu bila kuamrishwa. Mzee Swichi aliipokea kazi hiyo kwa moyo mkunjufu. Sasa, kompyuta ile ilikuwa kama nyumba yenye wapangaji. Kila mtumiaji alikuwa na jina lake na neno lake la siri, na mtu akiingia kwa jina lake kompyuta ilimtandikia meza yake na kumfungulia vitu vyote alivyoagiza avikute wazi. Mzee Swichi alichukua amri ya kuianzisha programu akaitia katika maagizo yake mwenyewe, miongoni mwa vitu vya kufunguliwa yeye akiingia. Akaizima seva. Akaiwasha. Akaandika jina lake na neno lake la siri, kisha akakunja mikono. Kidirisha cheusi kikafunguka chenyewe, maandishi meupe yakaporomoka ndani yake, na kule mlangoni mashine ya namba ikalia kwaru. Siku hiyo alitembea koridoni kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Kosa lilikuwa pale pale, mchana kweupe, na hakuliona. Programu haikuanza kwa sababu kompyuta imeamka. Ilianza kwa sababu yeye ameingia. Lakini kwa kuwa kila asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, na kila umeme uliporudi alikuwa wa kwanza kukimbilia stoo na kuandika jina lake ili "aone kama kila kitu kiko salama", mambo hayo mawili yalitokea pamoja siku zote, kama radi na mwanga wake, na hakuna aliyejua lipi limeleta lipi. Alipokwenda likizo alimwachia msaidizi wake jina lake na neno lake la siri. "Ukisikia kimya," alimwambia, "ingia kwa jina langu, itakaa sawa." Na kweli ikakaa sawa, naye aliporudi akalibadili neno lake la siri. Hakujiuliza kwa nini ilihitaji jina lake, kama kweli ilikuwa inaamka yenyewe.

Msaidizi huyo ndiye aliyejiuliza. Alikuwa binti mrefu, mpole wa maneno, ambaye wafanyakazi walimwita Dada Nyaya kwa sababu hakuonekana bila kipande cha waya mkononi au shingoni. Asubuhi moja, mbele ya karani wa kadi na wahudumu waliokuja kusalimia, alimuuliza mkubwa wake kwa adabu kama amewahi kuijaribu seva bila mtu yeyote kuingia.

Mzee Swichi aliweka kikombe chake chini. "Binti yangu," akasema, "mimi nimeanza kuwasha mitambo wewe hujaanza kuwasha jiko. Kwani seva ni mwali, itachungulia nani yuko mlangoni ndipo itoke?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Karani wa kadi, mwanamke mwenye ulimi mkali kama kisu cha bucha, aliyarudia maneno hayo wiki nzima, na Dada Nyaya akipita mahali waliulizana kama mwali keshatoka. Naye akacheka pamoja nao, kama wanavyocheka watu wasio na la kufanya, wala hakuuliza tena.

Ikafika siku ya kustaafu. Katibu alitoa hotuba ndefu kuliko kawaida yake, na katika hotuba hiyo sifa iliyorudiwa zaidi ni hiyo ya kuufundisha mtambo kuamka. Fundi seremala wa hospitali alikuwa amechonga ubao mzuri wa mviringo, wenye ukingo uliolainishwa, na juu yake ameandika kwa moto: KWA ALIYEFUNDISHA MTAMBO KUAMKA WENYEWE. Mzee Swichi aliupokea kwa mikono miwili, akalia kidogo. Mkewe aliutundika ukutani, mahali ambapo mgeni akiketi tu macho yake yanaufikia.

Baada ya hapo, kama kanuni zilivyotaka, Katibu alimwagiza Dada Nyaya alifunge jina la mstaafu katika seva. Dada Nyaya alilifunga. Aliomba pia ruhusa ya kuizima seva siku ya mapumziko ili aikague vizuri, akaambiwa kwamba kitu kinachofanya kazi hakichokonolewi. Seva ikaendelea kunguruma katika harufu ya dawa ya nondo, kwa kuwa umeme, kwa bahati ya ajabu, ulitulia kwa muda mrefu.

Siku ulipokatika, ulikatika asubuhi ya kliniki, mabenchi yamejaa. Ukarudi baada ya kitambo kidogo. Taa zikawaka, feni zikazunguka, seva ikaamka, na mashine ya namba ikakaa kimya.

Mzee Swichi alikuwa anapalilia mchicha wake nyuma ya nyumba gari la hospitali lilipofika. Dereva alimweleza njiani, huku akipiga honi isiyo na sababu. Seva imegoma. Dada Nyaya amehangaika nayo. Kila akiiamrisha programu inamjibu kwamba hana ruhusa. Ameomba saa moja tu atafute kiini cha jambo, Katibu amekataa, kasema hawezi kuwaweka watu wazima juani kwa ajili ya masomo ya mtu mmoja. "Wamesema wewe tu, mzee," dereva akamalizia. Na Mzee Swichi, akiwa na udongo katika kucha zake, hakuweza kuzuia furaha iliyompanda kifuani. Alishusha kioo apate upepo.

Mlinzi wa getini alimpigia saluti. Koridoni wagonjwa walisogeza miguu kumpisha. Katika stoo ile walikuwa wamejazana Katibu, karani wa kadi, wauguzi wawili watatu, na Dada Nyaya, aliyesimama karibu na ukuta, waya shingoni, mikono nyuma. Kwa amri ya Katibu alikuwa ameshalifungua tena jina la mzee. Kiti kilikuwa wazi. Mzee Swichi akaketi, akajifuta vidole kwenye suruali, akaandika jina lake na neno lake la siri.

Hakugusa kitu kingine. Meza yake ya zamani ikatandikwa kwenye kioo, na kidirisha cheusi kikafunguka. Kule mlangoni, kwaru.

Makofi yalipigwa mpaka nje kwenye mabenchi, na watu wasiojua kilichotokea. Karani wa kadi aliweka mkono kiunoni. "Umeona, Dada Nyaya? Mwenzio hata hajaigusa. Imemwona tu, ikaamka."

Alikusudia mzaha, lakini maneno yale yalimwingia Mzee Swichi kama maji baridi mgongoni. Imemwona tu, ikaamka. Alikitazama kidirisha cheusi, alichokuwa amekitazama asubuhi zisizo na idadi, na kwa mara ya kwanza akakiona. Hakikufunguka kompyuta ilipowaka. Kompyuta ilikuwa imewaka tangu umeme urudi, na watu wote hawa walikuwa wamesimama mbele yake wakiisihi. Kilifunguka kwa ajili yake. Kilikuwa kinafunguka kwa ajili yake siku zote. Hakuifundisha seva kuamka, aliifundisha kumngoja.

Akamtafuta Dada Nyaya kwa jicho la pembeni. Binti hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anakitazama kidirisha kile kile, midomo ameibana.

"Mzee wangu," Katibu akasema, mkono begani kwake, "hapa tulifanya kosa kukuachia uende. Tutazungumza habari ya mkataba. Na wewe, dada, usijali, tutakutafutia kazi usiyoweza kuiharibu. Kule stoo ya mashuka wanataka mtu. Wiki ijayo uanze."

Ilikuwa ni nafasi ya kusema, na maneno yalikuwa machache. Mzee Swichi alifungua kinywa. Muuguzi mmoja akamtilia mkononi chupa ya soda iliyokwisha funguliwa, ya baridi, inayotoa jasho, na kinywa kilichofunguliwa kwa ajili ya kusema kikanywa. Akaletewa na ya pili. Alikaa pale akinywa, akitikisa kichwa kwa kila sifa aliyopewa, kama mtu anayevishwa kilemba cha ukoka na kukiinamia kichwa kiingie vizuri. Alipoinua macho, mahali pa Dada Nyaya karibu na ukuta palikuwa patupu.

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe alikuwa ameshawasimulia majirani, na jirani wa upande wa kushoto alikuja kuusoma ubao ule ukutani kwa sauti, polepole, kama mtoto anayesoma darasani. Mzee Swichi alimsikiliza akitamani ardhi ipasuke. Jioni chakula kiliwekwa mezani, naye akakizungusha kwenye sahani bila kukila.

"Unaumwa?" mkewe akauliza.

"Siumwi."

"Basi kuna neno limekukwama. Lisukume litoke, chakula kipate njia."

Mwanamke yule alikuwa fundi cherehani, aliyezoea kungoja mteja avute pumzi ndipo ampime kiuno. Akangoja. Mzee Swichi akamweleza habari ya jina na kidirisha, kwa maneno yasiyo ya kompyuta, na mkewe akaelewa haraka kuliko alivyotarajia. Kumbe ni sawa na mlinzi, alisema mkewe, anayejisifu kwamba geti linafunguka lenyewe, na kamba ya geti hilo ameifunga kiunoni mwake mwenyewe, kila akipita analivuta. Mzee Swichi akasema ndiyo, ni hivyo hivyo, na akaona haya zaidi.

Kisha akamsimulia jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yao hakupata kumsimulia. Alipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, alikuwa mpiga kengele. Aliamka kabla ya wote, akapita kwenye baridi bila viatu, akaivuta kamba, na mabweni yaliyokuwa meusi yakaanza kuwaka taa moja moja kwa nguvu ya mkono wake. Aliamini, kama watoto wanavyoamini, kwamba asipopiga kengele hakutakuwa na asubuhi. Akapata matubwitubwi, akalazwa chumba cha wagonjwa, mashavu yamevimba. Alfajiri akiwa kitandani aliisikia kengele yake ikipigwa na mkono mwingine. Mabweni yakaamka. Ndoo ziligongana, miguu ikakimbia, sala ikaimbwa, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza aliko. Aligeukia ukutani akalia, na mtawa aliyewauguza akadhani ni maumivu, akamwekea kitambaa cha moto.

"Yule binti aliniuliza kama nimeijaribu bila mtu kuingia," alisema. "Mama Watoto, sikuijaribu. Na sikuacha kwa kusahau. Niliogopa isije ikaamka."

Mkewe alikusanya sahani. Alipofika mlango wa jikoni alisimama.

"Kesho nikupigie pasi shati gani?"

Akafikiri kidogo. "Lile la kazini. Lenye mfuko wa kalamu."

Safari hii hakuletewa gari. Alikwenda kwa miguu, akamkuta Dada Nyaya katika stoo ile akikunja nyaya zake na kuzifunga kwa raba, moja moja, na kuzipanga ndani ya boksi. Binti alimwamkia, akamvutia kiti, kisha akaendelea kukunja.

"Mwanangu," Mzee Swichi alianza, "jana ile programu—"

"Iko kwenye maagizo yako ya kuingilia," alisema Dada Nyaya bila kuinua uso. "Na faili zake zote ni mali ya jina lako, ndiyo maana mimi ilinikatalia. Nilishuku tangu likizo yako, na jana pale pale, kidirisha kilipofunguka, nikaiona."

"Uliiona."

"Niliiona. Na nikaona kwamba na wewe umeiona."

Feni ya seva ilinguruma. Mzee Swichi aliuliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuipenda, kwa nini basi hakusema.

Dada Nyaya alifunga waya wa mwisho na kuubana kwa raba. "Nilikuwa nangoja nione kama utasema wewe," akajibu. "Nikangoja soda ya kwanza. Nikangoja na ya pili. Halafu nikaenda zangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, mzee angepata mahali pa kushika, angeweza hata kumkumbusha adabu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Mzee Swichi aliyasikia masikio yake yakipata moto mpaka kwenye ndewe. Alikumbuka mzaha wa mwali. Alikumbuka kicheko cha watu, na kicheko cha binti huyu katikati yao. Akainuka, akaenda ofisini kwa Katibu.

Alidhani jambo gumu litakuwa kulitamka. Kumbe alilitamka vizuri, amesimama wima, mikono pembeni, kama mwanafunzi mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Jambo gumu likawa kuaminiwa. Katibu alimsikiliza akitabasamu, na alipomaliza alizunguka meza akamshika mkono.

"Mzee wangu, nakujua. Una huruma na binti. Huo ni uungwana. Lakini usijipake tope kwa ajili ya kumkinga mtu."

"Si huruma, bwana. Ni kosa langu."

"Watu wote waliona kwa macho yao. Ulikaa, ikaamka."

"Ndilo kosa lenyewe," alisema Mzee Swichi.

Katibu alicheka kwa upole, na kicheko hicho kilimuumiza mzee kuliko karipio lolote. Sifa zilikuwa zimemng'ang'ania kama ulimbo. Akaona kwamba maneno hayatamtoa. Akaomba jambo moja: kliniki ikiisha mchana, watu wale wale wa jana waitwe katika stoo ya mablanketi, na Dada Nyaya awepo. Katibu, kwa kumstahi, akakubali.

Wakaja. Karani wa kadi alikuja na kiti chake, kama mtu anayekwenda kutazama mchezo. Mzee Swichi hakuketi. Alisimama mlangoni, mgongo kwenye fremu, akamwomba Dada Nyaya aizime seva na kuiwasha upya, kisha asiguse kitu. Binti alifanya hivyo. Taa ndogo ya kijani ikawaka, feni ikanguruma, kioo kikaonyesha mahali pa kuandika jina. Wote wakatega sikio upande wa mlango mkuu.

Hakukusikika kitu. Muuguzi mmoja alikohoa. Karani wa kadi akatazama dari. Wakangoja mpaka kungoja kwenyewe kukawa aibu, na aibu hiyo Mzee Swichi aliiacha irefuke, kwa kuwa ilikuwa yake.

"Hivi ndivyo nilivyowaachia," alisema hatimaye. "Miaka yote niliyowaambia kwamba inaamka yenyewe, ilikuwa hivi. Programu nimeifunga kwenye jina langu. Mkilifunga jina, na yenyewe imefungwa. Huyu binti aliniuliza zamani, mbele yako wewe karani, nikamfanya kichekesho. Jana mmempigia makofi mtu aliyewaharibia kazi, na mmemwondoa aliyetaka kuitengeneza. Na mimi nilikaa hapo nikanywa soda zenu."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Katibu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Inatengenezeka?" akauliza, na safari hii hakumuuliza mzee.

"Inatengenezeka," alisema Dada Nyaya, akaketi.

Kwanza alizitoa faili katika mikono ya jina la Mzee Swichi, akaziweka chini ya jina jipya, lisilo la mtu, lililowekwa kwa ajili ya programu ile peke yake. Kisha akafungua mahali ambapo kompyuta huweka mambo yake yenyewe ya kufanya inapoamka, kabla ya mtumiaji yeyote kubisha hodi. Akaandika pale ni programu gani ianzishwe. Kwamba ingoje kwanza mtandao uwe tayari. Na kwamba ikianguka, iinuliwe tena. Mistari ilikuwa michache. Mzee Swichi aliisoma kutoka mlangoni, shingo ameinyoosha, na akaielewa yote. Hilo nalo lilimchoma, kwamba aliielewa yote. Haikuwa elimu iliyomshinda. Elimu hiyo ilikuwa mezani pake siku zote.

Dada Nyaya aliizima seva. "Tutoke," akasema.

Wakatoka wote. Aliiwasha, akawafuata, akafunga mlango kwa ufunguo na kuutia ufunguo mfukoni. Wakasimama koridoni, juu ya sakafu nyekundu, kundi la watu wazima wanaosikiliza. Mzee Swichi alisimama mbali kidogo na wengine, mikono nyuma, na moyo wake ulimdunda kama ulivyodunda akiwa kitandani, mashavu yamevimba, akiisubiri kengele ambayo hakutaka ilie.

Kwaru.

Kikaratasi kimoja kilitoka, ingawa hapakuwa na mgonjwa wa kukichukua. Hakuna aliyepiga makofi. Hapakuwa na wa kumpigia. Katibu alimwambia Dada Nyaya, akiwa na haraka na akitazama upande mwingine, kwamba habari ya stoo ya mashuka isahauliwe, na boksi lile la nyaya alifungue. Kisha akamgeukia Mzee Swichi, akampa mkono. Habari ya mkataba haikutajwa. Karani wa kadi alibeba kiti chake akaondoka polepole, na alipompita Dada Nyaya alimgusa kiwiko kidogo tu, na kwa karani yule hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Walibaki wawili. Dada Nyaya alifungua mlango.

"Jina langu bado liko wazi," Mzee Swichi akasema.

"Nilifunge ukishaondoka?"

"Hapana. Funga nikiwepo."

Binti akamtazama, kwa mara ya kwanza siku ile, moja kwa moja. Akaketi, akalitafuta jina katika safu ya majina, akalibonyeza. Likageuka rangi, kutoka nyeusi kuwa kijivu, kama maandishi yaliyofuliwa. Mashine ya namba ililia tena kule mlangoni. Mtu alikuwa amefika, amepewa namba yake, na hakujua lolote.

"Lile neno la mwali," mzee alisema, "sijui nilirudishe vipi."

"Halirudi, Mzee," Dada Nyaya akajibu. Kisha akavuta boksi lake karibu na kuanza kuzitoa nyaya. "Lakini ukipita huku usalimie."

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani. Aliinua mguu kwenye pedali akamtazama viatu vyenye vumbi, akajua kwamba amerudi kama alivyokwenda, kwa miguu.

"Wamekupa soda?"

"Leo hawakunipa."

Mzee Swichi aliuendea ukuta, akautoa ubao wa mviringo kwenye msumari wake, akasimama nao mikononi akitafuta pa kuuweka. Ulikuwa mti mzuri, mzito, seremala alikuwa amejitahidi. Akaingia nao jikoni. Ndoo ya unga ilikuwa wazi, kifuniko chake kilipasuka zamani. Akaulaza ubao juu yake, maandishi yakitazama chini, nao ukakaa sawasawa kana kwamba ulipimwa.

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake. Aliugonga ubao kwa kidole.

"Huu umeziba vizuri," alisema. "Njoo ule."